Mmea Usioupanda Umeota Bustanini: Namna ya Kuutambua Bila Kubahatisha

Kisa huwa ni kile kile. Mtu anaamka asubuhi, anakuta kimche asichokijua kimesimama katikati ya tuta, tena kimestawi kuliko vyote alivyovipanda mwenyewe. Anakipiga picha kwa juu, jua la saa sita, kikiwa na majani mawili tu. Anamwonyesha kila anayemjua. Huyu anasema mchicha, yule anasema mnavu, wa tatu anasema ng'oa hiyo sumu. Mwenye bustani anachukua jibu lililomfurahisha. Miezi miwili baadaye ama amekwisha ng'oa mpapai mzuri, ama ana kichaka cha magugu kilichomwaga mbegu kila kona.

Si kwamba watu hawajui majina ya mimea. Wanaanza na jina, na jina lilipaswa kuja mwisho, baada ya shina, majani, utomvu na ua kusema yao. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu huo. Ukiruka moja utalazimika kuirudia.

Kama mmea tayari una maua, kazi hii ni ya nusu saa. Kama bado ni mchanga, hesabu wiki tatu hadi sita, nyingi kati ya hizo zikiwa za kusubiri tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Glavu za mpira au plastiki. Za kitambaa hufyonza utomvu na kuushikiza kwenye ngozi, bora hata usivae.
- Kijiti na kipande cha utepe au kitambaa cha rangi kali.
- Rula. Ukikosa, sarafu itakusaidia kuonyesha ukubwa kwenye picha.
- Karatasi nyeupe ya kuweka nyuma ya jani unapopiga picha.
- Wembe au kisu kidogo chenye makali.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino huchafua kila kitu karatasi ikipata umande.
- Simu yenye kamera. Kioo cha kukuzia ni kizuri ukiwa nacho, lakini kamera inayokuza inatosha.
- Magazeti ya zamani na vitabu vizito viwili vitatu.

Kuna chombo kimoja ambacho hakimo humu, nacho ni ulimi. Kuonja "kidogo tu" si njia ya kutambua mmea. Mbegu chache za mbarika zikitafunwa zinaweza kuua, na mnanaha, yaani Datura, una sumu kuanzia mzizi hadi ua.

## Hatua ya 1: Uache, na uuwekee alama

Chomeka kijiti umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye mmea, usije ukautoboa mzizi, kisha funga utepe. Andika tarehe uliyouona. Waambie wote wanaopalilia au kucheza hapo kwamba mmea huo usiguswe, usichumwe wala kupewa mifugo.

Hili linaonekana dogo, lakini hapa ndipo wengi wanapopoteza ushahidi. Mmea unang'olewa siku ya palizi na mtu aliyetaka kusaidia, kisha inabaki picha moja yenye ukungu.

Kuna hali moja tu inayokataza kusubiri: mmea ukianza kukaza mbegu. Hapo acha ua moja au mawili kwa uchunguzi, mengine yakate na uyafunge kwenye mfuko. Mchicha pori mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu, na utazipalilia kwa miaka.

## Hatua ya 2: Soma mahali ulipoota

Kabla ya kuuinamia mmea, inua kichwa utazame juu yake na kandokando yake. Mahali hupunguza orodha ya washukiwa kuliko unavyodhani.

Kama umeota chini ya uzio, waya au tawi ambapo ndege hutua, mbegu huenda ilidondoka na kinyesi. Hapo fikiria mimea yenye matunda madogo laini, kama mnavu, mpera au jamii ya mkuyu. Kama umeota mahali ulipomwaga mboji, washukiwa wa kwanza ni nyanya, boga, papai na parachichi. Rundo la mboji lisilofikia nyuzi joto 55 hadi 60 kwa siku kadhaa huacha mbegu nyingi zikiwa hai, na marundo mengi ya nyumbani hayafiki huko. Samadi nayo huleta nyasi na mchicha pori, kwa sababu mbegu zake hupita tumboni mwa mnyama zikiwa salama.

Ukiona miche ya aina moja imejipanga kandokando ya njia unayopita, tazama pindo la nguo yako. Kishona nguo hakikupata jina hilo bure.

Udongo uliochimbuliwa karibuni ni kesi ya peke yake. Mbegu nyingi ndogo hulala ardhini zikingoja mwanga, na jembe linapozigeuza juu huota kwa pamoja, hata kama hakuna aliyepanda kitu hapo kwa miaka. Mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa zenye mbegu zilizochanganywa na mchanga ili kupima zitakaa hai muda gani. Chupa mojawapo ilifukuliwa mwaka 2021, na baadhi ya mbegu zikaota. Kwa hiyo usimlaumu jirani upesi.

Jambo la mwisho hapa ni kufukua kwa kidole kando ya shina, polepole, sentimita 3 hadi 5. Je, mche una mzizi wake wenyewe, au umechomoza kutoka kwenye mzizi mnene unaotoka kwingine? Kama umeungana na mzizi mkubwa, huo si mgeni. Ni chipukizi la mti ulio karibu, na jibu lako limesimama mita chache kutoka hapo.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja: "Huenda umeletwa na ndege", au "Huenda umetoka kwenye mboji." Uhakika haujahitajika bado.

## Hatua ya 3: Subiri majani halisi

Majani mawili ya kwanza ya mimea mingi si majani yake hasa. Ni sehemu za mbegu zilizobeba akiba ya chakula, na hazifanani na yatakayofuata. Mche wa boga, wa tango na wa mung'unye yote hutoka na vijani viwili vinene vya mviringo ambavyo hata mkulima mzoefu anaweza kuvichanganya. Jani la tatu likifunguka, tofauti huanza kujitokeza.

Kwa hiyo ngoja hadi uone majani halisi manne hadi sita. Mwagilia kama kawaida, usiweke mbolea. Mmea ulioshiba nitrojeni hutoa majani makubwa na laini kupita kiasi, na sura hiyo itakupotosha.

Piga picha ya yale majani mawili ya mwanzo hata hivyo. Utaona mwishoni kazi yake.

Wasio na subira wana njia moja ya halali. Kama miche ya aina hiyo hiyo ni mingi, toa mmoja pamoja na bonge la udongo, uoshe taratibu kwenye maji, na utafute ganda la mbegu. Mara nyingi bado limening'inia kwenye mzizi au limekwama kwenye ncha ya jani. Ganda la mbegu ya boga, au kokwa la embe, halihitaji mtaalamu.

## Hatua ya 4: Lisikilize shina, kisha likate

Vaa glavu. Shika shina kati ya kidole gumba na cha shahada, ulizungushe taratibu.

Likikwama kwenye pembe nne, unaelekea jamii ya mrehani na nanaa, lakini usishangilie bado. Jamii hiyo pia huwa na majani yanayotazamana mawili mawili, na mara nyingi hunukia ukiyafikicha. Kishona nguo nacho kina shina lenye pembe nne na majani yanayotazamana, ila hakina harufu ya mrehani hata kidogo. Alama moja peke yake haitoshi, na kanuni hiyo inahusu kila hatua iliyobaki.

Likiwa na pembe tatu, ukaona na majani yametoka pande tatu, hiyo ni ndago au ndugu zake. Usiihesabu kuwa nyasi. Nyasi huwa na shina la mviringo au lililobapa kidogo, lenye vifundo vigumu, na kati ya kifundo na kifundo mara nyingi pana uwazi.

Sasa kata jani moja kwenye kikonyo chake kwa wembe, na utazame jeraha kwa sekunde kumi. Utomvu ukitoka mweupe kama maziwa, fikiria papai, muhogo, jamii ya mtini na mkuyu, mchunga, au kundi kubwa liitwalo Euphorbia. Ukitoka wa njano, fikiria Argemone mexicana, ambao majani yake yana miiba na mabaka meupe kwenye mishipa. Ukitoka kama maji tu, bado hujapata dalili ya kukusaidia.

Kipimo hiki kidogo kinatatua ugomvi mmoja wa kila siku. Kuna mmea unaotambaa chini, shina jekundu, vijani vinene vya kuteleza; ni Portulaca oleracea, na watu wengi huula. Kando yake, kwenye udongo ule ule, hutambaa Euphorbia mdogo mwenye shina jekundu vilevile na amelala chini vilevile. Ukiwa umesimama huwezi kuvitofautisha. Chuchumaa. Wa kwanza jani lake ni nene, ukilibonyeza linapasuka na kutoa maji. Wa pili jani lake ni jembamba kama karatasi, na shina likikatika tone jeupe linatokea papo hapo. Vyote viwili vinaweza kukua vimefumana, kwa hiyo kata mashina kadhaa, si moja.

Onyo. Utomvu mweupe wa Euphorbia ukiingia jichoni huunguza vibaya. Usijifute uso ukiwa na glavu zilizolowa. Ukikuingia, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Utomvu wa mtini ukikaa kwenye ngozi iliyo juani nao huacha malengelenge.

Na tafadhali, utomvu mweupe hauna maana ya sumu, wala utomvu wa maji hauna maana ya usalama. Mpapai una maziwa. Mnanaha hauna.

Mwisho fikicha kipande cha jani ndani ya glavu na upepee harufu kuelekea puani. Usilichovye jani puani. Kama mmea una vinywele vigumu vinavyosimama, au ni mtambaa wenye maganda yaliyofunikwa manyoya ya kahawia, ruka kipimo hiki kabisa. Upupu hauna msamaha.

## Hatua ya 5: Majani, na swali linalowashinda wengi

Andika mambo manne: yamepangwaje, umbo lake, ukingo wake, na mishipa yake.

Mpangilio kwanza. Majani mawili yakitoka kwenye kifundo kimoja na kutazamana, andika "yanatazamana". Likitoka moja huku, kisha moja kule, andika "yanapishana". Angalia katikati ya shina, maana kileleni majani huwa yamebanana na yanadanganya.

Swali linalowashinda wengi ni hili: jani ni lipi? Mmea unaweza kuwa na kikonyo kimoja chenye vijani vitano, na mtazamaji akahesabu majani matano. Tafuta kwapa, yaani pembe kati ya kikonyo na shina. Mahali panapotoka jani kamili pana kitumba kidogo, cha tawi au ua litakalokuja. Kijani kisicho na kitumba kwapani ni sehemu tu ya jani kubwa zaidi.

Chukua mgagani. Jani lake lina vijani vitatu hadi saba, mara nyingi vitano, vilivyotoka sehemu moja kama vidole vya mkono, na wapo waliokimbia kuuchoma wakidhani ni bangi. Tazama ukingo. Vijani vya bangi vina meno makali kama msumeno kuanzia karibu na kikonyo hadi ncha. Vya mgagani ukingo wake ni laini au una meno madogo ya kutafuta kwa macho, na shina lake mara nyingi lina vinywele vinavyonata.

Au chukua miche mitatu yenye majani ya umbo la kiganja: mpapai, muhogo na mbarika. Mpapai na muhogo hutoa maziwa, mbarika hautoi. Sasa geuza jani la mbarika chini juu. Kikonyo hakijaunganika na ukingo wa jani bali kimeingia ndani kidogo, kama mpini wa mwavuli, na kila kidole cha jani kina meno pembeni. Kikonyo cha mpapai kimeungana na jani mwisho kabisa wa ukingo, na ukikikata utakuta kiko wazi ndani kama mrija.

Mishipa haina mengi. Ikienda sambamba toka chini hadi ncha, uko upande wa nyasi, ndago, vitunguu na mahindi. Ikitawanyika kama wavu, uko upande wa karibu vyote vingine.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu mmea huo kwa simu, naye akauchora bila kuuona.

## Hatua ya 6: Ngoja ua

Kama una nafasi, hapa ndipo subira inapolipa. Majani hubadilika kwa kivuli, kiu na umri. Ua halibadiliki sana, na ndilo wataalamu hulitumia kupanga jamii za mimea.

Hesabu petali, yaani vile vijani vya rangi vya ua. Tatu au sita, pamoja na mishipa sambamba, ni kundi la akina kitunguu na wenzake. Petali nne zilizokaa kama msalaba ni jamii ya kabichi. Petali tano zilizoungana chini kama nyota, na katikati koni ya njano, ni jamii ya nyanya, biringanya na mnavu. Ua lenye umbo la kipepeo ni jamii ya kunde, na ukichimba mizizi huenda ukakuta vinundu. Ua ambalo vumbi lake la chavua limepandana kwenye mnara mmoja katikati ni jamii ya bamia. Ua kubwa la njano kwenye mmea wenye nyuzi za kujisokotea ni jamii ya boga.

Kuna ua linalodanganya. La kishona nguo, la alizeti na la gugu karoti si ua moja. Ni maua mengi madogo yaliyobanana kwenye kichwa kimoja, na hizo unazoziita petali za pembeni kila moja ni ua la peke yake. Ukilipasua kwa wembe utaona.

Maua madogo meupe yaliyopangwa kama mwavuli ni ya jamii ya karoti na giligilani. Jamii hiyo ina baadhi ya mimea yenye sumu kali kuliko yote inayojulikana, na inafanana na ndugu zake wa jikoni. Mwavuli mweupe ulioota wenyewe hauliwi, hata ukinukia vizuri namna gani.

Tunda nalo hufunga kesi nyingi. La mnanaha aina ya Datura stramonium ni la miiba, limesimama wima, na likikauka hupasuka sehemu nne. La mbarika pia lina miiba, lakini lina vyumba vitatu, na ndani mna mbegu laini zenye madoa, mfano wa kupe aliyeshiba. Wazee wa Kilatini waliona hivyo hivyo: Ricinus, jina lake la kitaalamu, maana yake ni kupe.

## Hatua ya 7: Sasa ndiyo simu

Piga picha asubuhi, au chini ya kivuli. Jua la mchana hula mishipa ya jani lote. Piga mmea mzima, jani juu na chini yake, kifundo pamoja na kwapa, ua kwa mbele na kwa ubavuni, na tunda. Weka karatasi nyeupe nyuma na rula kando, na gusa kioo cha simu pale unapotaka kamera ilenge.

Programu za kutambua mimea kama Pl@ntNet, iNaturalist na Google Lens zinasaidia kweli. Zinafeli pale watu wanapozipa picha ya mbali yenye mimea sita na kuchukua jibu la kwanza. Pl@ntNet hukuuliza picha ni ya jani, ua, tunda au gome. Jibu kwa ukweli. Kwenye iNaturalist jaza mahali ulipo, kwa sababu humo watu wengine hupitia picha na kutoa maoni, na anayejua mimea ya upande huo hawezi kukusaidia kama hajui uko wapi.

Andika majibu matatu ya kwanza, si moja. Na ile asilimia inayotokea inapima jinsi picha yako inavyofanana na picha ilizonazo programu. Haipimi kama mmea ni salama. Nimeona asilimia 90 ikipewa jani la mti usio wenyewe.

Chukua majina ya kitaalamu, yale ya Kilatini. Majina yetu ni matamu lakini yanahama: "mbono" mahali pengine ni mbarika wenyewe, mahali pengine ni Jatropha. Ukitafuta maelezo kwa jina la mbono unaweza kusoma habari za mmea mwingine kabisa.

## Hatua ya 8: Jaribu kulivunja jina ulilopata

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu, na niliijifunza kwa aibu.

Nilikuwa nimepanda karoti. Mche mmoja ukatoka nje ya mstari, una majani yaliyochanika chanika kama ya karoti, nami nikauhamishia kwenye mstari na kuumwagilia kwa wiki tano. Nilikuwa nauonyesha wageni kwa jinsi ulivyowapita wenzake. Dalili zilikuwepo zote. Majani ya karoti ukiyafikicha yananuka karoti, huu haukunuka. Ulikuwa umelalia chini kama sahani, kisha ghafla ukanyanyua shina lenye mifereji na vinywele, na kutoa vichwa vidogo vyeupe vyenye pembe tano. Karoti kwa kawaida haitoi maua upesi hivyo, na ikitoa hutoa mwavuli. Nilikuwa nalea gugu karoti, Parthenium hysterophorus, moja ya magugu vamizi mabaya kabisa. Nikaling'oa kwa mikono mitupu, na ngozi ikaniwasha siku tatu.

Kila dalili niliiona na kuitafutia udhuru. Kwa hiyo sasa nafanya kinyume. Nikishapata jina, nafungua maelezo ya mmea huo kutoka chanzo cha kitaalamu, kwa mfano Plants of the World Online ya bustani ya Kew, London, au kitabu cha mimea ya eneo husika, na natafuta sababu ya kulikataa. Je, mmea huu umeandikwa kuwepo upande huu wa dunia? Maua yake ni ya rangi hii? Majani yake yanapishana au yanatazamana? Kisha natafuta mmea unaofanana nao zaidi, na kuuliza ni alama ipi inayoutofautisha.

Jina likubaliwe likiwa na alama tano zinazolingana na hakuna hata moja inayopinga waziwazi. Mpangilio wa majani usipolingana, jina limeanguka, hata kama picha zinafanana kama pacha.

Kama unakusudia kula, ongeza sharti jingine: mtu anayeujua mmea huo aushike mkononi, si kwenye picha. Na hata ukiujua, kuwa macho na maboga na mamung'unye yaliyojiotea. Mbegu iliyochanganyika na jamaa zake wa porini inaweza kuzaa tunda lenye sura njema lakini chungu kupita kawaida. Uchungu huo ni sumu na kupika hakuuondoi. Tema, tupa lote.

## Hatua ya 9: Jina likikataa kabisa

Kausha sampuli. Toa mmea au tawi lenye majani, ua na tunda, ulilaze kati ya magazeti huku jani moja likionyesha upande wa chini, ukandamize kwa vitabu. Badilisha magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza, la sivyo litaota ukungu. Andika tarehe, mahali, urefu, na rangi ya ua, kwa sababu rangi itapotea.

Sampuli ya namna hii ikipelekwa kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, au idara ya botania ya chuo kikuu, inaweza kupewa jina kwa uhakika ambao picha haiwezi kuufikia.

## Hatua ya 10: Ubaki au uondoke

Jina likishapatikana, namna ya kung'oa inafuata tabia ya mmea. Wenye mzizi mmoja mrefu hung'olewa mzima udongo ukiwa umelowa, kabla ya maua. Ndago usiivute tu: shina litakatika na kuviacha vijiazi vilivyoungana chini kama shanga, navyo vitachipua upya. Chimba kwa uma, fuata uzi. Commelina, yenye vijiua vya buluu vya asubuhi, kila kipande cha shina kilichoachwa juu ya udongo unyevu huota mizizi, kusanya vyote. Kiduha, kinachonyonya mizizi ya mahindi na mtama, kiondoe kabla hakijamwaga mbegu na usikitupe kwenye mboji. Gugu karoti, glavu na mikono mirefu.

Ukiamua kuuhamisha mmea unaoutaka, fanya hivyo jioni na bonge kubwa la udongo. Mpapai huchukia kuguswa mizizi, kwa hiyo uhamishe ukiwa mdogo au uache ulipo, ukijua kwamba unaweza kuwa dume usizae. Nyanya iliyojiotea inaweza isifanane na mama yake.

Sasa ichukue ile picha ya majani mawili uliyopiga kwenye Hatua ya 3. Ibandike daftarini na uandike jina chini yake. Msimu ujao huo mche ukitokea tena, utautambua siku ile ile.